Jinsi ya kuchagua rampu ya kiti cha magurudumu, ya mlangoni na ya gari

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko mengine yote ni hili: "Mlangoni kwetu kuna ngazi tatu, tununue rampu ya ukubwa gani?" Swali hilo halina jibu, na muuzaji akikujibu bila kukuuliza kitu kingine, usimpe pesa yako. Ngazi tatu za sm 15 kila moja ni mwinuko wa sm 45, nazo zinataka rampu ya mita 5.4. Ngazi tatu za sm 20 ni mwinuko wa sm 60, nazo zinataka mita 7.2. Tofauti ni karibu mita mbili, na mara nyingi ni hizo mita mbili zinazoamua kama mtu ataingia kwake mwenyewe au atakaa nje akingoja msaada.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeanza. Pengine mzazi ametoka hospitali akiwa kwenye kiti. Pengine mtoto amekua na hambebeki tena. Pengine mwenye kiti ni wewe, na umechoka kuinuliwa na watu wanne kila unapoalikwa mahali. Nitazungumzia rampu za majengo na rampu za magari pamoja, kwa sababu watu huzinunua pamoja. Lakini tangu sasa lijue hili: zinafanana kwa jina tu. Mteremko unaovumilika kwenye gari, mara mbili kwa siku na mtu mwenye nguvu yuko nyuma, haufai mlangoni mwa nyumba.

Andaa hivi kwanza

- Futikamba ya chuma, ya mita 5 au zaidi.
- Pima maji, na ubao mnyoofu wa mita 2 hivi.
- Karatasi na kalamu. Vipimo vya kichwani hupotea njiani kabla hujafika dukani.
- Uzito wa mtu na uzito wa kiti, kila mmoja peke yake.
- Upana wa kiti kikiwa kimekunjuliwa, kuanzia pete ya kusukumia ya upande mmoja hadi ya upande wa pili. Pia urefu wake, kuanzia nyuma kabisa hadi ncha za vidole vya miguu vya aliyekikalia.
- Mwenye kiti mwenyewe. Usimwache ndani wakati nyinyi mnapima nje. Yeye ndiye anayejua mikono yake inachoka wapi.

Hatua ya 1: Amua rampu ni ya nani

Kuna watu wa aina tatu, na kila mmoja anataka rampu yake. Kuna anayejisukuma kwa mikono, kuna anayesukumwa, na kuna mwenye kiti cha mota. Kiti cha kawaida cha kusukuma huwa na uzito wa kilo 10 hadi 20. Kiti cha mota mara nyingi huzidi kilo 100 kabla mtu hajakaa. Kwa hiyo rampu nyepesi iliyomfaa jirani yako inaweza kupinda chini ya kiti chako.

Kwa anayesukumwa, watu humpima aliyekaa wakamsahau anayesukuma. Mama wa miaka 70 akimsukuma mumewe wa kilo 85, rampu hiyo unamchagulia mama. Wajukuu wenye nguvu wanaokuja siku za sikukuu usiwahesabu. Hesabu yule aliyepo siku ya kawaida asubuhi, wakati hakuna mtu mwingine nyumbani.

Hatua ya 2: Pima mwinuko, na uupime mahali panapostahili

Mwinuko ni umbali wa kwenda juu wima, kutoka ardhini hadi usawa wa sakafu ya mlango. Laza ubao mnyoofu, ncha moja ikiwa juu ya kizingiti na nyingine ikielea nje. Weka pima maji juu yake, sawazisha mpaka kiputo kikae katikati, kisha pima kutoka chini ya ubao hadi ardhini.

Hapo ndipo wengi hukosea. Wanapima chini ya ngazi ya mwisho, papo hapo, ilhali rampu haitaishia hapo. Itaishia mita tano au saba mbele, na ua mwingi huteremka kadiri unavyoiacha nyumba ili maji ya mvua yapate kutoka. Ardhi ikishuka sm 10 kufika huko, mwinuko wako umeongezeka sm 10, na rampu imeongezeka mita 1.2 nzima. Pima hadi pale rampu itakapogusa ardhi kweli. Ubao usipofika mbali hivyo, tumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga uliojazwa maji, kama mafundi wa msingi wanavyofanya. Maji kwenye ncha zote mbili hukaa usawa mmoja, hata ncha zikiachana mita kumi.

Pima mara mbili, uandike kipimo kikubwa.

Hatua ya 3: Zidisha mwinuko upate urefu

Mteremko husemwa kwa namba mbili. "1 kwa 12" maana yake ni kwamba kwa kila sentimita 1 ya kwenda juu, rampu inakwenda sentimita 12 mbele. Hii ndiyo nadharia yote utakayoihitaji.

- 1 kwa 20. Mteremko mpole. Ukiwa na nafasi, jenga huu. Anayejisukuma ataupanda huku akizungumza na wewe.
- 1 kwa 12. Ukomo wa rampu ya kudumu. Uliingia kwenye viwango vya Marekani mwaka 1961, na hadi leo ndio unaotajwa sehemu nyingi za dunia. Ni ukomo, si shabaha.
- 1 kwa 10 na 1 kwa 8. Kanuni za Marekani huruhusu miteremko hii kwenye majengo ya zamani yasiyo na nafasi tu, na kwa vipande vifupi: 1 kwa 10 mwinuko usipozidi sm 15, na 1 kwa 8 usipozidi sm 7.5.
- 1 kwa 6. Rampu ya kubeba au ya gari, akiwepo msaidizi mwenye nguvu. Mtu asiachwe hapo peke yake.
- 1 kwa 4. Kupakia kiti kitupu. Mtu asikae juu yake.

Ukitaka kujua namba hizi zinamaanisha nini mgongoni mwa mtu, chukulia kiti na aliyekikalia wana kilo 100 jumla. Kwenye 1 kwa 12, msukumaji anahimili kama kilo 8 muda wote anaopanda. Kwenye 1 kwa 6 zinakuwa kama 16. Kwenye 1 kwa 4 ni kama 24, na akiteleza zote zinamrudia kifuani. Hapo bado hatujahesabu uzito wa magurudumu kuviringika kwenye uso wenye mikwaruzo.

Urefu nao unachosha, hata mteremko ukiwa sahihi. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza unalizingatia hilo kwa majengo yanayotumiwa na watu wengi: 1 kwa 12 isizidi mita 2 kabla ya pa kupumzikia, 1 kwa 15 isizidi mita 5, na 1 kwa 20 isizidi mita 10. Kama anayejisukuma kwako mabega yake yanauma, fuata mpangilio huo badala ya kung'ang'ania 1 kwa 12.

Nina sababu ya kulisisitiza hili. Rampu ya kwanza niliyoipigilia misumari niliijenga kwa kuangalia nafasi iliyokuwepo mbele ya mlango, wala sikuuhesabu mwinuko. Ilikuwa sm 48 kwa mita 2, yaani karibu 1 kwa 4. Ilipendeza kwa macho. Mjomba wangu, niliyemjengea, hakuweza kuipanda peke yake hata siku moja, na kila aliyemsukuma ilimbidi aanze kwa kukimbia. Mjomba hakulalamika. Alipunguza tu kutoka nje. Ilinichukua muda kuelewa kwamba rampu yangu ndiyo iliyomfungia ndani, na siku niliyoelewa niliibomoa.

Hatua ya 4: Itafutie nafasi

Sasa una urefu. Nenda nje na kamba, uichore rampu ardhini kwa ukubwa wake halisi. Wengi hushtuka hapa, maana rampu ya mita 7 haitoshei mbele ya mlango. Usiifupishe. Ikunje.

Rampu inaweza kupinda pembeni mwa ukuta au kurudi kinyume chake, mradi kila inapogeuka kuna jukwaa bapa la angalau mita 1.5 kwa mita 1.5. Jukwaa kama hilo linahitajika pia kila mwinuko unapofika sm 76, hata kama rampu inakwenda moja kwa moja, pamoja na moja chini kabisa na moja juu mlangoni. Magurudumu yasipopata pa kutulia, mtu hapumziki: anakishikilia kiti tu kisirudi nyuma.

Jukwaa la juu ndilo linalosahaulika kuliko yote. Jiulize mlango unafunguka upande gani. Ukifunguka kwa nje na jukwaa ni fupi, mwenye kiti atalazimika kuuvuta mlango huku akirudi nyuma kwenye mteremko. Nimeona rampu nzuri za zege ambazo hakuna aliyeweza kuzitumia peke yake kwa sababu hiyo moja. Acha mita 1.5 bapa mbele ya mlango, pamoja na nafasi ya sm 45 hivi kando ya kitasa, ili mtu apate pa kukaa wakati mlango unapita mbele ya magoti yake. Mara nyingine ni rahisi zaidi kugeuza bawaba mlango ufungukie ndani.

Mwinuko ukikaribia mita moja na ua ni mdogo, fikiria lifti ndogo ya jukwaa. Mita 12 za rampu pamoja na majukwaa yake ni safari ndefu kwa mtu anayetoka kuanika nguo.

Hatua ya 5: Chagua aina

*Ya kizingiti.* Kabari ya mpira au alumini kwa mwinuko wa sm 2 hadi 6 hivi. Ni kitu kidogo, na huleta nafuu kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwani kizingiti cha sm 3 kinatosha kumzuia anayejisukuma. Hakikisha mlango bado unafunga baada ya kuiweka.

*Ya kukunja kama begi.* Alumini, ina mpini, inaingia kwenye buti la gari. Inafaa ngazi moja au mbili na safari za kutembelea watu. Swali la kuuliza ni nani atakayeibeba, kwa sababu kadiri inavyokuwa ndefu ndivyo inavyokuwa nzito, na rampu isiyobebeka hubaki nyuma ya mlango. Zile zinazoachana vipande viwili humsaidia mtu mmoja.

*Ya reli mbili.* Mifereji miwili inayovutwa kurefuka, kila mmoja ukipokea magurudumu ya upande mmoja. Ni nyepesi na inashawishi. Sipendi mtu anayeanza ainunue. Magurudumu madogo ya mbele mara nyingi yamekaribiana kuliko yale makubwa ya nyuma, kwa hiyo mfereji mwembamba hauyapokei yote. Kiti cha mota chenye magurudumu matatu hakipandi kabisa. Msukumaji naye anajikuta akitembea kwenye ngazi katikati ya reli huku akisukuma.

*Ya vipande vya kuunganisha.* Majukwaa na vipande vya alumini au chuma vyenye miguu inayorekebishika. Haihitaji msingi, inafungwa kwa siku moja, na unaweza kuhama nayo. Kwa nyumba ya kupanga, au kwa mtu ambaye hali yake bado inabadilika, mimi huishauri hii kwanza.

*Ya mbao.* Fundi yeyote mzuri anaijenga, na inarekebishika. Inataka mbao zilizotiwa dawa, skrubu badala ya misumari, na ukaguzi kila msimu wa mvua.

*Ya zege.* Ndiyo ya shule, zahanati, nyumba za ibada na popote panapopita watu wengi. Kosa la zege halirekebishwi, linavunjwa. Usimruhusu fundi amwage kabla hujaushika mteremko kwa pima maji juu ya mbao za kumwagia.

Hatua ya 6: Kagua upana, kingo, reli na uso

Upana usio na kizuizi uwe angalau sm 91.5, ukipimwa kati ya reli na reli. Ukiupima kwenye sakafu utadanganyika. Mahali pa watu wengi lenga mita 1.5 ili watu wapishane.

Kingo za pembeni ziinuke sm 10. Gurudumu dogo likitoka nje ya ukingo, kiti kinapinduka kabla mtu hajapata kupiga kelele.

Reli za kushikia ziwe pande zote mbili mara mwinuko unapopita sm 15, kwa urefu wa sm 86.5 hadi 96.5 kutoka usoni mwa rampu, na zipite sm 30 mbele ya mwanzo na mwisho wa mteremko. Ziwe za duara, unene wa mm 32 hadi 51, ili kiganja kizizunguke. Pande mbili nazitaja kwa makusudi, maana aliyepooza upande mmoja anahitaji reli ya kulia akipanda na ya kushoto akishuka, au kinyume chake.

Kuhusu uso: usiweke vigae vinavyong'aa. Najua vinapendeza, na najua mwenye jengo atataka vifanane na baraza. Vikilowa havina tofauti na sabuni. Kwenye zege, piga ufagio mgumu kukatisha upana kabla halijakauka. Kwenye mbao, changanya rangi na mchanga uliochekechwa. Kwenye alumini, chagua yenye meno au matundu. Matundu na mianya isizidi mm 13, la sivyo gurudumu dogo linazama. Rampu inaweza kuinama kidogo kwenda upande mmoja ili maji yatoke, lakini isizidi sm 2 kwa kila mita ya upana, kwa sababu kiti huvutwa upande huo na mkono mmoja ndio unaolipa.

Mdomo wa chini, pale rampu inapokutana na ardhi, usiwe na kidato kinachozidi mm 6. Upitishie kiganja. Ukihisi kidato, gurudumu nalo litakihisi.

Hatua ya 7: Jumlisha uzito

Mtu, kiti, betri, mizigo iliyoning'inia mgongoni mwa kiti, *na msukumaji*. Wote wanne, watano, wako juu ya rampu kwa wakati mmoja. Mume wa kilo 85, kiti cha kilo 18, mke wa kilo 70 na begi la kilo 7 ni kilo 180. Rampu iliyoandikwa kilo 150 haitoshi, hata kama "mwenye kiti ana 85 tu". Kwa kulinganisha, kanuni za mabasi za Marekani hudai rampu yenye urefu wa sm 76 au zaidi ibebe kilo 272. Kwa kiti cha mota usishuke chini ya hapo. Ukinunua reli mbili, uliza kama namba iliyoandikwa ni ya reli moja au ya jozi.

Hatua ya 8: Kama ni ya gari, anza upya

Usiazime vipimo vya mlangoni. Gari lina mambo yake.

Kwanza, egesha mahali tambarare, upime kutoka ardhini hadi sakafu ya gari pale kiti kitakapoingilia. Kama kuna bampa inayojitokeza, rampu lazima iivuke, kwa hiyo pima na urefu wake kwenda nyuma.

Pili, zidisha kwa 6. Mwongozo wa mabasi wa Marekani uliorekebishwa mwaka 2016 uliweka 1 kwa 6 kuwa ukomo, na ni kipimo kizuri hata kwa gari la nyumbani. Sakafu ya sm 30 inataka mita 1.8, na hiyo inakunjika na kukaa ndani ya mlango bila shida. Sakafu ya sm 65, kama ilivyo kwenye gari nyingi za mizigo na abiria, inataka mita 3.9. Hapo simama. Rampu ya mita 3.9 utaihifadhi wapi, ataikunja nani, na utapata wapi mita zote hizo nyuma ya gari kila unakoegesha? Gari refu hivyo linataka lifti ya kiti, au sakafu iliyoshushwa na karakana yenye ujuzi huo. Usikubali kuuziwa rampu ya mita 2 kwa gari hilo. Hiyo ni karibu 1 kwa 3, mkali kuliko ule tuliosema ni wa kiti kitupu.

Tatu, pima urefu wa mlango wa gari, kisha mpime mtu akiwa amekaa kwenye kiti *chake*, juu ya mto wake, kutoka ardhini hadi utosini. Acha angalau sm 5 zaidi. Mtu kuinamisha kichwa kila siku kwa miaka si suluhisho.

Nne, amua ubavuni au nyuma. Ya ubavuni humteremsha mtu kwenye njia ya miguu, mbali na magari, na ikitua juu ya ukingo wa barabara mteremko unapungua. Lakini inataka nafasi tupu ya mita 2.4 hivi pembeni, na mwingine akiegesha hapo mmekwama. Ya nyuma haijali aliyeegesha kando, ila humshusha mtu katikati ya njia ya magari. Kama mnapita zaidi mitaa yenye magari mengi, mimi ningechagua ya ubavuni.

Tano, kifungio. Rampu isiyofungwa kwenye sakafu ya gari hurushwa nyuma pale gurudumu linapoigonga, na mtu anabaki hewani. Lazima kuwe na pini, ndoana au mkanda unaoishika, na breki ya mkono ivutwe kabla rampu haijafunguliwa.

Sita, ndani ya gari. Rampu humfikisha tu. Kiti kifungwe sakafuni kwa mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, kikitazama mbele, na mtu avae mkanda wake tofauti unaopita mapajani na begani. Breki za kiti hazishiki kitu gari likifunga breki ghafla. Ukinunua kiti kipya cha kusafiria, uliza kama kimejaribiwa kwa kiwango cha ISO 7176-19, na pa kufungia mikanda pawe pamewekewa alama.

Hatua ya 9: Jaribu kabla ya kulipa

Simu nyingi zina pima maji ndani yake. Ilaze juu ya mteremko wowote unaoupita, usome nyuzi. 1 kwa 20 ni kama nyuzi 2.9. 1 kwa 12 ni 4.8. 1 kwa 6 ni 9.5. Tafuta mteremko wenye nyuzi zile zile za rampu unayotaka kununua, umpeleke mwenye kiti akaujaribu, apande mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza kila mtu ana nguvu. Mara ya tatu ndiyo inayofanana na maisha.

Mwambie mtu wa pili asimame nyuma, mikono tayari. Kwenye mteremko mkali, msukumaji ashuke kinyumenyume, yeye akiwa upande wa chini na aliyekaa akitazama juu. Akishuka kwa mbele, aliyekaa anaweza kumwagika kutoka kitini.

Kama rampu imeshafungwa na ina shida

*Vikanyagio vinagonga ardhi mwanzoni mwa kupanda.* Pembe ya chini ni kali. Ongeza kipande kifupi chenye mteremko mdogo zaidi mbele yake, au inua vikanyagio kama kiti kinaruhusu. Angalia pia vile vigurudumu vidogo vya nyuma vya kuzuia kupinduka, mara nyingi ndivyo vinavyokwama wala si vikanyagio.

*Tumbo la kiti cha mota linasugua pale juu.* Tatizo lile lile, upande wa pili. Jukwaa la juu linahitaji kipande cha kulainisha kona, au rampu iwe ndefu zaidi.

*Kiti kinataka kuanguka nyuma.* Shuka, usiendelee kujaribu. Ondoa mzigo ulioning'inia mgongoni mwa kiti, uubebe mkononi. Kikiendelea, mteremko umemzidi mtu na kiti chake, na hakuna ufundi wa kusukuma utakaolirekebisha hilo.

*Kiti cha mota kinazima katikati.* Kitabu cha kiti hutaja nyuzi za juu kinazoweza kupanda na uzito wa juu. Linganisha na zile ulizosoma kwenye simu. Kama viko sawa, tazama betri, kwani betri iliyochoka huonekana nzima kwenye tambarare na kuumbuka mlimani.

*Rampu inasogea.* Sehemu ya juu haijashikwa. Usitegemee uzito wake wala jiwe lililoegemezwa chini. Weka bolti, au mkanda kwenye kitu kisichong'oka.

*Inabonyea katikati.* Acheni kuitumia leo. Pima tena uzito wa hatua ya 7. Ikiwa ni ya mbao, chokoa nguzo za kati kwa bisibisi pale zinapogusa udongo. Bisibisi ikiingia kwa urahisi, nguzo imeoza.

*Inateleza mvua ikinyesha tu.* Ifagie kwanza, maana majani na ukungu wa kijani huteleza kuliko maji yenyewe. Isipotosha, bandika vipande vya msasa wa kunata kukatisha upana, kila baada ya sm 15 hivi, kuanzia chini kabisa.

*Anapanda vizuri, lakini bado anaita mtu afungue mlango.* Rudi hatua ya 4. Rampu haina kosa. Lirefushe jukwaa, au ugeuze mlango.